Okidi ndogo inayodai jua

Mtu wa Pwani akisema okidi ni ua gumu kukuza, mara nyingi anazungumzia okidi moja tu. Ni Phalaenopsis, yenye majani mapana yaliyolala na maua makubwa meupe au ya zambarau, ambayo kwa sasa ndiyo inayouzwa kuliko nyingine zote kwenye vyungu duniani. Asili yake ni vivuli vya misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ukiiweka barazani Tanga au Malindi, jua la saa saba linayachoma majani kwa siku moja. Ukiiingiza sebuleni penye kiyoyozi, hewa kavu inaikausha mizizi. Mwenye nayo anaishia kuamini kwamba maua haya ni ya watu wa nchi baridi, wenye vioo vya dirishani na muda wa kubembeleza.

Imani hiyo inanisikitisha, kwa sababu okidi nyingi duniani ni mimea ya joto, na baadhi yake hazitoi hata ua moja zisipopigwa na jua. Nazungumzia hapa mojawapo, ndogo kiasi cha kukaa kwenye kikapu kinachotosha kiganja: Vanda garayi. Shina lake kwa kawaida halizidi sentimita 20. Majani ni membamba, magumu, yamejipanga kushoto na kulia. Msimu ukifika, katikati ya majani hayo hupanda kikonyo kilichosimama wima, kimejaa maua madogo ya rangi ya chungwa lililoiva, kila moja na upana wa kama sentimita moja na nusu. Kikonyo kimoja kinaweza kubeba maua 30 na zaidi, na yakikaa mahali penye hewa hudumu wiki mbili hadi tatu. Hayana harufu ya kusifiwa. Rangi yake lakini huonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Kwao ni Thailand na nchi jirani, Laos na Vietnam zikiwemo. Kwa miaka mingi wakuzaji waliinunua na kuiuza kwa jina la Ascocentrum miniatum, ambalo kwa haki ni la ndugu yake wa kisiwa cha Java. Mwaka 1992 mtaalamu wa okidi Mmarekani, Eric Christenson, aliitenga kama spishi yake yenyewe na kuipa jina la kumuenzi Leslie Garay, aliyekuwa mtunzaji wa hazina ya okidi zilizokaushwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2012 Lauren Gardiner akaihamishia kwenye jenasi ya Vanda pamoja na ndugu zake wote. Mnunuzi wa leo ayajue majina yote mawili, maana lebo nyingi za bustani bado zimeandikwa Ascocentrum. Sokoni Bangkok ukitaja khem saet, muuzaji anakuelewa mara moja.

Ili kuelewa kwa nini mmea huu unalitaka jua, lazima tuuangalie msitu unakotoka. Sehemu kubwa ya misitu ya nyanda za chini za Thailand hupukutisha majani. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba. Kisha hufuata miezi ya ukavu yenye ubaridi kidogo, halafu joto kali la Machi na Aprili. Katika ukavu huo miti hubaki vijiti vitupu, na okidi iliyojishika juu ya tawi hukosa dari. Jua huishukia moja kwa moja. Badala ya kujificha, huo ndio wakati inapochanua.

Inawezaje? Kwanza, majani yake ni manene na yanahifadhi maji. Pili, vitundu vidogo ambavyo majani hupumulia hufunguka usiku, si mchana. Mmea huvuta hewa ya ukaa gizani, ukaiweka akiba kama asidi ndani ya jani, kisha jua likichomoza hufunga vitundu na kuitumia akiba ile kutengeneza chakula bila kupoteza maji. Mkonge wa Tanga hufanya vivyo hivyo, na nanasi pia.

Tatu ni mizizi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu okidi nyingi hufa kutokana na mwenyewe kutoielewa mizizi yake. Mizizi ya Vanda haiishi udongoni. Huning'inia hewani au hujibana kwenye gome la mti. Kila mmoja umevikwa tabaka nene la seli zilizokufa, nyeupe kama fedha ukiwa mkavu. Tone la maji likiugusa, tabaka hilo hulinyonya papo hapo, na weupe hugeuka kijani mbele ya macho yako. Kijani hicho ni cha mzizi wenyewe, ambao nao, kama jani, hutengeneza chakula kwa mwanga. Baadaye mzizi unatakiwa ukauke tena. Ukikaa na unyevu mchana na usiku, tabaka lile huoza na mzizi wa ndani nao hufuata. Kwa hiyo anayeipanda Vanda kwenye udongo wa bustani, hata uwe mzuri namna gani, anaiua.

Wakulima wa Thailand hawaiweki kwenye chungu cha udongo. Hutumia vikapu vidogo vya mbao au plastiki vyenye uwazi pande zote, wakiweka vipande vichache vya mkaa au makumbi ya nazi, na wengine hawaweki kitu. Ukanda wao mkuu wa bustani za okidi uko mikoa ya Nakhon Pathom na Samut Sakhon, magharibi mwa Bangkok, kwenye tambarare iliyokatwa na mifereji. Huko vikapu huning'inizwa kwa safu chini ya neti nyeusi inayozuia karibu nusu ya jua, na hunyweshewa kila asubuhi.

Sasa tazama ramani. Bangkok iko nyuzi kama 14 kaskazini mwa ikweta, Dar es Salaam karibu 7 kusini, Mombasa 4. Zote ziko usawa wa bahari au juu yake kidogo. Joto la mchana Dar mwezi wa Februari hufika nyuzi 32 au 33, na usiku wa Julai kwa kawaida haushuki sana chini ya 19. Okidi hii hustarehe kati ya nyuzi 18 na 35. Mkuzaji wa Uingereza, ili aipate hali hiyo, anahitaji nyumba ya vioo, hita wakati wa baridi na taa za kuongeza mwanga Desemba. Sisi tunaipata bure barazani, na hewa yenye unyevu wa bahari juu yake. Vitabu vingi vya okidi vimeandikwa kwa ajili ya mkuzaji yule, si kwa ajili yetu, ndiyo maana ushauri wa vitabu hivyo ukifuatwa neno kwa neno Kigamboni au Likoni huleta hasara. Yeye anahangaika kupata mwanga wa kutosha. Kazi yetu ni kuupunguza pale unapozidi.

Bahari ya Hindi yenyewe ina ushahidi wa undugu huu. Kwenye vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania huota okidi iitwayo Acampe pachyglossa, yenye majani magumu kama mkanda na maua ya manjano yenye mistari myekundu. Iko katika kundi moja na Vanda, na ndugu zake wa jenasi hiyo wako Asia. Anayetaka kujua mmea wa aina hii unapenda kukaa vipi, amtazame huyu wa kwetu: mwanga mwingi, upepo, mizizi imelikumbatia gome.

Jua basi tulipange. Nafasi bora ni ile inayopata jua la moja kwa moja kuanzia asubuhi hadi kama saa nne, kisha mwanga uliochujwa hadi saa tisa au saa kumi. Baraza linalotazama mashariki linatosha. Kwenye paa la ghorofa au uwanja usio na mti, tundika neti ya kivuli ya asilimia 50, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche. Usisahau kwamba Dar jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na kati ya majira hayo mawili hugeuza upande. Kibaraza kilichokuwa na kivuli Juni kinaweza kuwa tanuri Desemba. Mwenye vikapu avihamishe jua linapohama.

Majani yatakueleza kama umepatia. Kijani kilichokolea, laini, cha kupendeza macho, ni dalili ya kivuli kingi. Mmea utakua, utaonekana na afya, na hautachanua. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya Vanda kukataa maua, na inawakatisha watu tamaa kwa sababu mmea hauonekani mgonjwa. Kijani chepesi kinachoelekea umanjano, chenye vidoa vya zambarau hapa na pale, ndicho unachokitaka. Baka jeupe au la kahawia lililokauka katikati ya jani ni kuungua, na halitapona. Litabaki mpaka jani lidondoke. Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo: shika jani saa saba mchana. Likiwa la moto mkononi, hewa haizunguki vya kutosha, au neti inahitajika.

Mmea mpya usiutoe dukani ukaupeleka juani siku hiyo hiyo, hata kama spishi yake ni ya jua. Majani yaliyokulia kivulini hayana kinga. Yaongezee mwanga kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne.

Maji ni ya kila siku kwa mmea unaoning'inia mizizi mitupu, na wakati wa kaskazi, upepo mkavu unapovuma mchana kutwa, hata mara mbili. Mwagia asubuhi. Lowesha mizizi, ngoja dakika chache, lowesha tena mpaka yote iwe kijani. Jioni majani yawe makavu, hasa kitovu, pale jani changa linapochomoza. Maji yakilala humo usiku wa joto, bakteria na ukungu huozesha kitovu, na kwa mmea unaokua kwa ncha moja tu hilo ni pigo kubwa. Masika yakiwa mazito, sogeza vikapu chini ya ukingo wa paa kwa siku zile za mvua mfululizo. Mvua yenyewe ni nzuri kuliko maji yoyote ya bomba. Inayodhuru ni kukosa kukauka.

Niseme kwa mkazo kuhusu aina ya maji, maana hapa watu wa Pwani tuna tatizo letu hasa. Visima vingi vya Dar, Unguja na Mombasa vina maji ya chumvi. Mchicha unaweza kuyavumilia. Mizizi ya okidi haiyavumilii, kwa kuwa haina udongo wa kuipunguzia makali: kila tone linalokauka huacha chumvi yake juu ya mzizi, na ncha za kijani huwa nyeusi na kusimama kukua. Wakulima wa tambarare ya Bangkok wanalijua hili vizuri. Miaka ya ukame, maji ya bahari yanapopanda mito na mifereji yao, bustani za okidi ni miongoni mwa za kwanza kulia. Vipimo vidogo vya chumvi vya kuchovya kwenye maji siku hizi si ghali. Ukipata chini ya miligramu 200 kwa lita, endelea. Ikizidi sana, kinga maji ya paa wakati wa masika na vuli. Okidi kumi ndogo hazimalizi ndoo kwa siku, kwa hiyo pipa moja lililofunikwa vizuri dhidi ya mbu linavusha wiki nyingi za kiangazi.

Mbolea iwe hafifu na ya mara kwa mara. Ile ya kuyeyuka yenye uwiano wa 20-20-20, nusu gramu kwa lita moja ya maji, mara moja kwa wiki, baada ya mizizi kuloweshwa kwa maji matupu. Mara moja kwa mwezi suuza kwa maji mengi bila mbolea. DAP, CAN na mbolea nyingine za punje za shambani zimetengenezwa kwa ajili ya udongo, na huunguza mizizi hii.

Kwenye mti pia inakubali. Chagua mti wenye gome lisilobanduka na matawi yanayopitisha mwanga. Mkwaju unafaa kuliko mwembe, ambao kivuli chake ni kizito mno. Funga mmea kwenye upande wa shina unaopata jua la asubuhi kwa utepe laini wa kitambaa au soksi ya nailoni, usikaze, na uloweshe kila siku. Mizizi mipya ikishika gome, kata kitambaa. Baada ya hapo mmea hauhamishiki bila kuumia, kwa hiyo fikiri kabla ya kufunga.

Adui si wengi. Thiripi huchubua machipukizi na kuacha maua yenye makovu. Vidung'ata na wadudu magamba hujificha pale jani linapokutana na shina. Pamba iliyochovywa kwenye maji ya sabuni inatosha ukiwahi. Konokono na makoa hupenda ncha za mizizi, na kikapu kilichotundikwa hewani tayari kimewazuia.

Wa Nairobi na Arusha wataniuliza. Kwa ukweli, Vanda garayi nje ya nyumba Nairobi, ambako usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12, itasimama kukua na inaweza kupoteza majani. Wao watafute dada yake, Vanda ampullacea, mwenye maua ya waridi lililokolea. Eneo lake linafika hadi vilima vya chini ya Himalaya, Nepal na Bhutan, na anazoea ubaridi zaidi, mradi katika miezi hiyo awekwe mahali penye mwanga, maji yapunguzwe na mvua isimwangukie usiku.

Vimmea hivi vidogo pia vimebadilisha biashara ya okidi ya dunia nzima. Vanda kubwa za zamani zilihitaji nafasi ya dirisha zima na miaka mingi kabla ya kuchanua. Mwaka 1949 huko Hawaii lilisajiliwa chotara la kwanza la Vanda na Ascocentrum, likaitwa Portia Doolittle. Mwaka 1965 likafuata Yip Sum Wah, lenye damu ya Vanda curvifolia, ndugu mwekundu wa huyu tunayemzungumzia, na likavuma kila palipo na wakuzaji. Machotara haya yalirithi udogo na wingi wa maua kutoka upande mmoja, ukubwa wa ua kutoka upande mwingine. Ukikutana sokoni na Vanda fupi ya rangi ya chungwa yenye maua ya sentimita 4 au 5, kuna uwezekano mkubwa ni kizazi chao. Utunzaji ni uleule.

Jambo moja haliwezi kuachwa nyuma. Mwaka 2015 watafiti Jacob Phelps na Edward Webb walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika masoko ya mimea ya Thailand, yakiwemo ya mpakani. Walikuta spishi 347 za okidi zikiuzwa, biashara kubwa ya mimea iliyong'olewa porini ambayo karibu haionekani kabisa kwenye kumbukumbu rasmi. Hata Tanzania tunayajua machungu haya: viazi vya okidi za ardhini vya Nyanda za Juu Kusini vimechimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na ulinzi wa maua hayo ni moja ya sababu za Kitulo kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Kwa Vanda hizi hakuna haja ya kumwibia mtu msitu wake. Tangu Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell alipoonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu za okidi, ambazo ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwenye rojo la sukari na madini bila kusubiri msaada wa kuvu wa porini, tunda moja limeweza kutoa maelfu ya miche. Mche wa chupani huchukua miaka mitatu hadi mitano kufika kwenye ua. Mmea wa bustanini unautambua: majani safi, mizizi imezunguka kikapu chake, na wenzake mezani wanalingana umri. Ulioporwa msituni una mizizi iliyokatika, mabaki ya gome, majani yenye makovu ya zamani. Usiununue, hata kwa huruma, kwa kuwa pesa yako ndiyo itakayomrudisha mtu yule porini.

Anayeagiza kutoka nje ajue kwamba okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ambao Kenya iliuingia mwaka 1978 na Tanzania 1979. Utahitaji kibali cha mkataba huo kutoka nchi inayotuma, cheti cha afya ya mimea, na kibali cha kuingiza mimea: Tanzania kinatolewa na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na Kenya na mwenzake, KEPHIS. Miche iliyo bado ndani ya chupa zilizofungwa bila vijidudu kwa kawaida haihitaji kibali cha CITES, ingawa vya afya ya mimea vinabaki palepale. Usijaribu kupitisha mmea kwenye sanduku la nguo. Utapokonywa, na kabla ya hapo unaweza kuwa umewaletea wakulima wa nchi nzima mdudu wasiyemjua.

Mmea ukifikisha miaka kadhaa, majani ya chini hudondoka na shina hubaki uchi huku mizizi mipya ikichomoza juu. Si ugonjwa. Chukua kisu kilichopitishwa motoni, kata shina chini ya mizizi mitatu au minne yenye afya, paka jeraha mdalasini wa unga, bila kuugusisha kwenye mizizi kwa sababu huikausha, kisha weka sehemu ya juu kwenye kikapu kipya, kivulini kidogo kwa wiki mbili. Kisiki usikitupe. Endelea kukimwagia maji pale pale kilipo, na mara nyingi ndani ya miezi michache kitatoa vichipukizi pembeni, kimoja hadi vitatu. Kichipukizi kikiwa na mizizi yake mitatu yenye urefu wa kidole, kinaweza kutengwa na kupewa jirani mwenye baraza linalotazama mashariki.